Namna ya Kulifufua Mustang la 1965 Bila Kufukuzwa Nyumbani

Kabla hujanunua spana hata moja, mweleze mwenzi wako mambo matatu: gari la familia litalala nje, gereji itanuka petroli na rangi, na tarehe ya kumaliza kazi haijulikani. Akicheka, mna ndoa njema, anza kazi. Akinyamaza, ahirisha mpaka mwakani.

Sasa chagua gari. Kwa anayeanza, chukua Ford Mustang la 1965, la paa la kukunja. Wajuzi wa magari adimu wataguna kwamba ni gari la kila mtu. Wacha wagune. Mustang lilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, na katika miezi 12 ya kwanza yaliuzwa zaidi ya magari 400,000. Kwa kuwa yalikuwa mengi na yanapendwa mpaka leo, karibu kila bati, mpira na kitasa chake hutengenezwa upya na kuuzwa Marekani kwa katalogi. Gari adimu litakufanya utafute taa moja ya nyuma mpaka mvi zikuote. Hili litakumalizia fedha tu.

Muuzaji atakuapia kwamba gari lake lilitoka kiwandani na injini ya V8. Usibishane naye. Inama uhesabu nati za gurudumu. Mustang la silinda sita la miaka ile lina nati nne kwa kila gurudumu, la V8 lina tano. Kisha soma namba ya gari iliyogongwa kwenye bati la ndani ya boneti, upande wa dereva. Baada ya tarakimu ya mwaka na herufi ya kiwanda kuna tarakimu mbili. Zikiwa 08, gari lilizaliwa na paa la kukunja. Zikiwa 07, lilizaliwa na paa la bati, na kuna mtu alilikata kichwa kwa msumeno. Funga pochi yako, mwage kwaheri, nenda zako.

Sababu ya kukimbia ni hii. Mustang halina fremu ya chuma ya kujitegemea chini yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Paa la bati hushika sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Ford walipoliondoa ilibidi waimarishe chini, kwa hiyo waliongeza mabati ndani ya vizingiti vya milango na bati zito chini ya sakafu ya viti vya mbele. Gari lililokatwa paa mitaani halina nyongeza hizo. Nalo gari halisi ambalo vizingiti vyake vimeliwa na kutu halina tofauti kubwa na lile lililokatwa. Kwa hiyo usiangalie kwanza bampa za kromu, hata zikikukonyeza. Lala chini mgongo upate tope. Chukua sumaku uliyoifunga kitambaa, ipitishe kwenye vizingiti na kwenye kona za bodi. Pale inapokataa kushika, pamejazwa puti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na puti juu ya kutu ni maradhi hayohayo.

Bado kuna ugonjwa mwingine, na huu ndio ninaouchukia kuliko yote. Kati ya boneti na kioo cha mbele kuna sanduku la bati linaloingiza hewa ndani ya gari. Majani hudondokea humo, unyevu hukaa, bati huoza pasipoonekana, na mvua ikinyesha maji humshukia dereva miguuni, kisha huila sakafu. Kipimo chake ni mpira wa bustani. Mmoja amwage maji kwenye matundu yaliyo chini ya kioo, mwingine ajikunje ndani na tochi, amulike juu ya pedali. Kazi ya tochi inamfaa mtoto wa miaka 12, maana anaenea humo na hulipwa kwa aiskrimu.

Ukishalileta nyumbani, utawashwa na hamu ya kulifungua lote Jumamosi moja. Jizuie. Piga picha kila kiungo kabla ya kukigusa, tia bolti za kila sehemu katika mfuko wake, uandike jina juu. Halafu, kabla ya kukata sakafu au kizingiti, lehemu vyuma vya kushikilia mwanya wa kila mlango, gari likiwa sawasawa na uzito wake ukiwa juu ya ekseli. Kata upande mmoja, uumalize, ndipo uende wa pili. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja, gari litabonyea katikati kama kitanda cha kamba, na milango haitafunga tena. Kulehemu karibu na buti ni marufuku kabla ya kulitoa tangi, kwa sababu katika Mustang sehemu ya juu ya tangi la petroli ndiyo sakafu ya buti. Hapo sitanii hata kidogo.

Injini ndiyo kazi rahisi, ingawa ndiyo inayosifiwa. V8 ya inchi za ujazo 289 inajulikana na mafundi wote wa Marekani. Weka oili yenye zinki ya kutosha. Ukiwa umefunga kemshafti mpya, siku ya kwanza iache injini iungurume dakika 20 kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Waonye majirani.

Breki ziheshimu zaidi. Gari la 1965 lina pampu kuu ya chumba kimoja: bomba likipasuka popote, breki zote nne zinaondoka. Ford waliweka pampu ya vyumba viwili kuanzia modeli ya 1967. Funga ya vyumba viwili, na anayelalamika kwamba umeharibu uhalisi wa gari mpe lake aendeshe mlimani. Vumbi la dramu kuukuu usilipulize kwa hewa, lina asbesto.

Rangi mpelekee fundi wa rangi. Paa ulibakize mwisho: rekebisha kwanza vioo vya milango na fremu ya paa lenyewe, kisha lisubiri jua, maana vinaili baridi haivutiki, nawe utaishia na mikunjo isiyoondoka.

Likishapona, liendeshe. Petroli yenye ethanoli huharibika ikilala tangini na mipira hukauka gari likikaa bure. Na mtoto wa jirani akiomba kupanda, mfunge mkanda, kunja paa, mzungushe mtaani.