Mnanaa Hauna Talaka

Aliyetuuzia nyumba hii ya Leicester alipenda majani yenye harufu, na mnanaa aliupenda kupita kiasi: aliupanda ardhini moja kwa moja. Wenye busara huupanda ndani ya chungu, wakakifukia chungu chenyewe na kuacha ukingo juu, maana mnanaa hauzami chini kutafuta maji kama mimea yenye adabu zake. Unatambaa kando, vidole viwili tu chini ya udongo, na kila penye kifundo unatoa mche. Tulipokabidhiwa funguo ulikuwa umeshavuka njia ya matofali, umepita chini ya banda la baiskeli, na unachungulia mlango wa jikoni.

Humo ndani ya mnanaa limejificha gugu jingine, ambalo inasemekana lililetwa Uingereza na Warumi, kisha watawa wakalitunza kwa ajili ya kutibu jongo. Warumi wameondoka, watawa wamepungua, jongo lipo na gugu lipo. Mizizi yake ni myeupe kama tambi, na ukiivuta inakatika. Kila kipande kilichobaki kinaanza maisha upya bila kinyongo.

Machi, jua lilipojitokeza kidogo, mke wangu alisimama dirishani na kikombe chake. “Baba Zuhura, mwaka huu hii yote inatoka.” Yeye ni mtu wa Lushoto, na mtu wa Lushoto ukimwonyesha udongo mtupu anaanza kuugawa matuta. Alikuwa ameshaagiza mimea ya kudumu: hosta, jerani, na mayungiyungi ambayo kila ua lake huchanua siku moja tu. Mmea wa kudumu ni ule unaokauka majani baridi ikiingia, ukauombea rehema, halafu Aprili ukatoa kichwa. Dukani sifa hiyo inalipiwa. Gugu linafanya vivyo hivyo bure, na halipewi hata kibandiko cha jina.

Udongo wa hapa ni mfinyanzi. Ukilowa unakuvua kiatu, ukikauka unakuvunjia mpini, na mpini wa uma wangu ulikatika kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimepiga magoti nikichimba kwa kipande kilichobaki, simu imeegemezwa kwenye ndoo, Shangazi akapiga kwa video kutoka Tanga.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, baba. Hiyo unayoing’oa ni nini?”

“Mnanaa.”

“Mashallah. Unaupeleka sokoni?”

“Natupa, Shangazi.”

Picha ilikuwa safi kabisa, kwa hiyo nilimwona vizuri akikaa chini. Nikamweleza kwamba hauwezi kuwekwa kwenye mboji ya nyumbani, utaota humo humo. Unatiwa kwenye pipa la taka za bustani, na gari la halmashauri linakuja kulichukua.

“Wanakulipa kiasi gani?”

“Mimi ndiye ninayewalipa.”

“Unawalipa,” alisema polepole, “wachukue mnanaa.” Kisha akaaga, jambo ambalo kwa Shangazi ni dalili mbaya. Jioni mama alipiga kuuliza kama ninalala vizuri. Usiku kaka akapiga kuuliza kama kazi bado ipo.

Jirani yetu naye hakunielewa. Ni bibi wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja, na Kiswahili chake kinatoka haraka kuliko Kiingereza. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya jiji la Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku. Bibi anasema tangazo lile ndilo lililomjulisha kwamba kuna mji unaitwa Leicester. Aliegemea uzio, akalitazama pipa langu. “Mingi namna hii, wewe natupa? Leta. Mimi nafanya chatine.” Nikampa mfuko mzima. Alikata majani ya chatine. Mashina yenye mizizi, kwa kuwa ni mtu asiyependa uharibifu, aliyapanda upande wake wa uzio, mstari ulionyooka kama rula.

Kazi ngumu hasa haikuwa mnanaa. Ilikuwa kuiokoa mimea mizuri ya zamani, ambayo mizizi ya Warumi ilikuwa imeingia katikati yake. Dawa yake inajulikana: ng’oa kichaka chote, osha mizizi mpaka ionekane, toa nyuzi nyeupe moja moja, kata kichaka vipande, panda upya. Mke wangu aliliona hilo katika kipindi cha bustani cha Ijumaa usiku, na kwa kuwa bomba la nje lilikuwa bado limefungwa kwa ajili ya baridi, aliamua jerani zikaogeshwe juu, kwenye bafu la watoto. Zilitakata kweli. Kwa muda wa mchana mmoja tulikuwa na jerani safi kuliko zote mtaani na bafu lililojaa uji wa kahawia usiotaka kushuka. Fundi bomba alichokoa, akatoa donge la udongo la ukubwa wa ngumi, na ndani yake mzizi mweupe, mzima, umeshatoa kichipukizi. Alituuliza tunaoga wapi.

Mimea mipya ilifika ndani ya boksi: vijiti, na juu ya kila kijiti picha ya ua kubwa. Kwa kuwa vijiti havikujaza kitu, tulikwenda kuongeza kwenye duka la miche, na huko nikaiona lantana ndani ya chungu cha kupendeza, bei ya kuku wawili. Lantana! Ile ile inayosonga malisho kwetu, ambayo wakulima huifyeka huku wakilaani. Hali kadhalika gugumaji, lile lililoziba bandari ya Kisumu: hapa lilikuwa likiuzwa kama pambo la kidimbwi, mpaka Umoja wa Ulaya ulipoliweka kwenye orodha yake ya viumbe vamizi mwaka 2016. Mke wangu alinivuta mkono kabla sijaanza kumhutubia muuzaji.

Tulipanda. Usiku mbweha wa mtaani alinusa unga wa mifupa tuliotia kwenye mashimo, akafukua kila kitu akitafuta maiti. Tulipanda tena.

Kisha wakaja makoa, wale konokono wasiobeba nyumba. Hosta kwao ni karamu. Jani linaloonekana jioni limekunjwa vizuri, asubuhi ni uti tu na njia ya ute inayong’aa. Zamani watu walimwaga vidonge vya metaldehaidi, lakini tangu mwaka 2022 vimepigwa marufuku kutumika nje, kwa sababu vinadhuru ndege na kalunguyeye. Kinachopendekezwa sasa ni bakuli lililofukiwa usawa wa udongo, ndani yake bia.

Mimi nimelelewa madrasa ya Tanga. Nilisimama mbele ya rafu ile kama mtu aliyepotea uwanja wa ndege, nikachukua kopo la bei ya chini kabisa, nikalilaza kikapuni chini ya mkate na karoti. Kwenye foleni nikasikia nyuma yangu: “Assalaam alaykum, Baba Zuhura.”

Alikuwa Maalim anayewasomesha watoto wetu Kurani Jumamosi.

“Waalaykum salaam, Maalim. Ni ya makoa.”

Hakuwa ameuliza kitu. “Ya nani?”

“Makoa, Maalim. Wanakula maua.”

Alisogeza mkate, akasogeza karoti, akalitazama kopo bila kuligusa, akisoma maandishi yake kwa makini kama cheti cha daktari. Watu wa foleni walisubiri. Nilianza kufikiria shule nyingine za Jumamosi.

“Wanachofuata ni harufu ya hamira,” alisema hatimaye. “Maji ya vuguvugu, sukari kijiko, hamira kijiko. Wanaingia wenyewe.”

“Maalim umejuaje?”

“Nami nina hosta.”

Nililirudisha kopo. Jumapili mke wangu aliamka mapema akande maandazi, akapekua kabati mara ya kwanza, mara ya pili, akafungua dirisha na kuniita kwa jina langu kamili. Chai tuliinywa na mkate wa dukani.