Sangara Kapimwa, Ndege Je?

Vijiweni Mirongo, Mwanza, hatua chache kutoka mto unaosomba chupa za plastiki kwenda ziwani, suala la ukaguzi halijaisha. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria, kisa hofu ya sumu. Viwanda vikahaha. Sangara akapimwa minofu, akapimwa hadi barafu aliyolalia, nusura adaiwe cheti cha kuzaliwa. Vitisho vilizaa matunda, hongereni.

Kwingine vitisho na ukaguzi havikutosha. Novemba 2002 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 1441: Iraq ikubali kupekuliwa, la sivyo itakiona cha moto. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix wakaingia, wakapekua, silaha za maangamizi hawakuzikuta. Cha moto kikaja vilevile, Machi 2003.

Miaka hiyohiyo ndege za mizigo za Ilyushin zilikuwa zikitua Mwanza kuchukua minofu. Zilikuja na nini? Filamu ya Hubert Sauper ya 2004 ilipouliza, ikadokeza silaha za vita vya jirani, tukamgeukia mwenye kamera. Rais Kikwete akaikemea 2006, watu wakaandamana. Sawa, tuseme zilikuja tupu. Ndege tupu si ingekaguliwa upesi kuliko sangara mmoja? Haya, mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu, yameiva, karibuni. Hayo Brussels haijawahi kuyatolea masharti.