Kizibuo Mbele ya Alhaji

Hadi naandika haya masikio bado yanawaka. Jumapili iliyopita, kwenye kibaraza cha nyumba moja ya zamani kule Gongoni, mjini Tabora, nikiwa mshenga mwenye kanzu iliyonyooka na kofia ya kushonwa kwa mkono, nilichomoa mfukoni kisu changu cha Victorinox ili nimenye embe mbele ya wazee wa watu. Badala ya bapa, kikatoka kizibuo cha chupa za mvinyo.

Tulikwenda kumposea mpwa wangu. Barua ilikuwa imeshapokelewa, salamu zimeshapanda na kushuka, na mzee wa nyumba, Alhaji mwenye ndevu nyeupe na macho yasiyopepesa, alikuwa ameanza kutuzoea. Likaletwa sinia la maembe bila kisu. Alhaji akauliza kwa upole, "Jamani, hakuna mwenye kisu hapo?"

Kuna wanaume ambao hulingoja swali hilo maisha yao yote. Mikono mitatu iliingia mifukoni kwa mpigo. Mimi, Victorinox. Binamu yangu, aliyeendesha malori ya Tunduma hadi Zambia kwa miaka mingi na kurudi na imani moja tu, Okapi. Na jirani yetu wa Isevya, tuliyemchukua kwa sababu ana gari, ambaye husema kisu ni kisu, na cha Mchina kikifa hununua kingine cha Mchina. Pale kijiweni Ng'ambo sisi watatu tumeshakunywa kahawa nyingi tukigombana juu ya visu hivi, na kuna Simba na Yanga wanaopatana vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo sikukubali kuchelewa. Nikakishika kisu kwa madaha, nikatia ukucha bila kutazama, nikavuta. Kumbe nilikuwa nimekigeuza.

"Hicho ni cha nini, mwanangu?" Alhaji akauliza.

"Ni cha kufungulia, Alhaji."

"Kufungulia nini?"

"Chupa."

"Chupa ya soda ina kizibo cha bati. Huo waya unaingia wapi?"

Sikuwa na jibu, lakini mjukuu wake alikuwa nalo. Alisogea, akakitazama kile chuma kilichojisokota, akatangaza kwa sauti ya chuo kizima: "Babu, kama mkia wa nguruwe!"

Mpwa wangu akaanza kuhesabu boriti za dari. Mimi nikasema kwamba chombo kile kinasaidia sana kufungua mafundo ya kamba. Na ni kweli! Fundo likikaza, ncha ya kizibuo huingia katikati yake na kulilegeza bila kuikata kamba. Ila ukweli ukisemwa na mtu anayetokwa jasho husikika kama uongo.

"Mafundo," akasema Alhaji.

"Ndiyo, Alhaji. Mafundo."

"Haya."

Ile "haya" ndiyo inayoninyima usingizi.

Sasa, kabla hujanicheka, jua kwamba kizibuo kile kina historia, na historia hiyo inanitetea. Mwaka 1884 mtu aitwaye Karl Elsener alifungua karakana ya visu kijijini Ibach, Uswisi, ndiyo hiyo iliyozaa Victorinox yangu. Jeshi la nchi yake lilikuwa likitaka kisu cha kukunja kwa ajili ya askari: bapa moja, kifungulio cha makopo, msumari wa kutobolea ngozi, na bisibisi, kwa sababu bunduki mpya ya jeshi ilihitaji bisibisi ili kufunguliwa. Askari hakupewa kizibuo. Tena oda ya kwanza, visu 15,000, ilibidi itengenezwe Solingen, Ujerumani, maana Uswisi nzima haikuwa na kiwanda cha kuimudu. (Hili binamu hulirudia kila Ijumaa baada ya swala.) Mwaka 1897 Elsener akasajili kisu cha maofisa, akaongeza bapa dogo la pili na kizibuo. Kwa hiyo aliyeniumbua Gongoni si mimi, ni ofisa wa Uswisi aliyependa mvinyo na mlo wake, na zaidi ya karne moja baadaye deni lake nimelilipa mimi, nisiyejua hata ladha ya kitu chenyewe.

Na namna Elsener alivyokiingiza kizibuo hicho! Hapa huwa nasahau aibu zote. Kitako cha bapa la kisu cha kukunja si cha mviringo, kina pande bapa. Mgongoni mwa mpini kuna springi, ukanda wa chuma unaokandamiza kitako hicho saa zote. Bapa likiwa limefungwa, springi imelalia upande mmoja wa kitako. Ukilivuta, kona ya kitako huinyanyua springi, nayo hukaza, hukaza, unahisi ukucha unataka kung'oka, kisha kona inapita, springi inaangukia upande wa pili, *tak*, na bapa limesimama. Hakuna kufuli wala kitufe, ni ubishi tu kati ya kona na springi. Werevu wa Elsener ulikuwa kuona kwamba springi ile ile inayolinda bapa upande wa tumbo inaweza kulinda vyombo vingine upande wa mgongo. Springi moja, kazi mbili. Ndiyo maana mgongo wa kisu changu nao una vitu vya kuvuta, na ndiyo maana mtu mwenye haraka akikigeuza anaweza kujikuta na mkia wa nguruwe mkononi. Kila nikiifikiria springi ile nasamehe nusu ya yaliyonipata.

Binamu hakungoja nimalize kujitetea. Alitoa Okapi yake.

Okapi haifunguki kimya, na huo ndio uchawi wake. Kitako chake kina meno, na springi yake imetobolewa tundu. Bapa linapopanda, kila jino likifika kwenye tundu linaingia na kutoka: *kra, kra, kra*. Jino la mwisho likiingia halitoki tena, bapa limefungika hadi uvute pete ndogo iliyoko mgongoni, ndipo springi inyanyuke na kuliachia. Mpini ni wa mti, umepambwa kwa mwezi na nyota za chuma. Ni kisu kizuri, nasema hivi nikiwa nimekunja uso. Lakini kwenye kibaraza kilichonyamaza, mbele ya wazee waliokwisha kushuku kwamba mshenga ni mlevi, ile *kra, kra, kra* ilisikika kama jambazi anayejitambulisha. Mama mmoja alichungulia kutoka ukumbini, akarudi ndani upesi.

Binamu akamenya embe. Akalikata vipande, akavipanga sahanini, akampelekea Alhaji kwa mikono miwili. Bapa la Okapi ni chuma cha kaboni, chuma kile cha zamani kinachonoleka kwa dakika mbili na kushika kutu kwa usiku mmoja, na ambacho hakipatani na asidi ya matunda. Kufikia kipande cha mwisho bapa lilikuwa limepata rangi ya kijivu, na embe nalo likaanza kuwa na weusi pembeni. Alhaji alitafuna, akatulia, akauliza kama embe lile lilikuwa limewekwa karibu na betri ya gari.

Kisu cha Mchina kilichomoka bapa kikabaki mpini. Jirani hakuhuzunika, akasema atanunua kingine.

Ndipo Alhaji alipoingiza mkono chini ya mkeka wake na kutoa kisu. Alikuwa nacho muda wote! Nashuku mpaka sasa kwamba swali lake lilikuwa mtego, kwamba wazee wa mji huu huwapima washenga kwa maembe. Kilikuwa kijisu cha mpini wa mninga, bapa limechongwa kutokana na msumeno mkuukuu wa kukatia chuma, limefungwa kwa misumari miwili iliyofuliwa vichwa. Hakina springi, hakina pete, hakina muhuri wala jina. Alilimenya embe zima ganda likatoka mkanda mmoja. Nilimuuliza amekitoa wapi. "Kwa fundi, sokoni," akasema. "Alitaka elfu tano, nikampa tatu."

Kuhusu posa, tuliambiwa tutaletewa majibu.

Usidhani ugonjwa huu wa kung'ang'ania chapa tumeuzua sisi wa kijiwe cha Ng'ambo. Mji huu umekaa juu ya barabara ya wachaguzi. Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, kilichomtoa jasho kuliko simba wala homa ni shanga. Aliambiwa Unyamwezi watu wanataka nyekundu, nyingine zote watakurudishia. Nyeusi zinakwenda Ugogo, ukizivusha nje ya Ugogo hazina thamani. Nyeupe zinapokelewa Ufipa, lakini Ukonongo wanazidharau. Msafara mzima ungeweza kulala njaa kati ya maghala yaliyojaa chakula, eti kwa kuwa wamebeba rangi isiyopendwa na kijiji hicho. Nguo ndiyo usiseme: ile merikani iliyofumwa Massachusetts ilishika njia hii yote, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikatisha pamba yake na kuwapa wengine nafasi. Mababu zetu walibinya kitambaa kati ya vidole na kusema hiki siyo. Waliokuwa wakihangaika kuwaridhisha ni wenye viwanda wa ng'ambo ya bahari. Wakati huo mteja wa Unyamwezi alikuwa mfalme.

Ila mimi huwa najiuliza jambo moja nikiiona Okapi ya binamu, na hapa utani unaniishia. Januari 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike hapa hapa Unyanyembe, naye akaona bora ailipue ghala yake ya baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Mwaka 1902, miaka tisa tu baadaye, kule Solingen wakaanza kutengeneza kisu mahsusi kwa ajili ya kuwauzia watu wa makoloni ya Afrika. Wakakipa jina la mnyama wa msitu wa Ituri, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemwandika vitabuni mwaka uliotangulia. Baruti ya Isike haijapoa vizuri, na tayari tunauziwa kisu chenye mwezi, nyota na mnyama wa jirani yetu Kongo. Tukakipenda. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, nalo binamu hulitumia kama ushahidi kwamba sasa ni chetu. Mimi natetea Uswisi, yeye anatetea Solingen iliyohamia kusini, na hakuna kati yetu anayetetea kitu kilichofuliwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Na si kwamba hapa watu hawakujua chuma. Majembe yaliyofuliwa Usumbwa yaliletwa kuuzwa Tabora, yakapokelewa kama fedha, yakatolewa kama mahari. Ndiyo, mahari! Enzi hizo ungekwenda kuposa na chuma cha mhunzi wa kwenu na mzee angekukaribisha ndani. Mwaka 1916, Wajerumani walipobanwa vitani, hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mgongoni, ilipigwa katika mji huu huu. Leo fundi yule wa sokoni anachukua msumeno uliochoka, anautia moto, anaupoza, anausaga, anauchongea mninga ambao Wazungu wakiuona wanaupapasa, anauza elfu tano, na sisi tunamkazia macho hadi ashuke elfu tatu. Victorinox yangu sikuiombea punguzo hata la shilingi. Nililipa kilichoandikwa, nikasema asante, nikaomba na boksi lake.

Mengine yaliyonipata kwa sababu ya visu ni madogo. Niliwahi kunyang'anywa kimoja kwenye ukaguzi wa safari na kuombwa nisaini kwamba nimekitoa kwa hiari. Kimoja kilifuliwa pamoja na suruali kikatoka kisafi kuliko suruali. Kijiti cha kuchokonolea meno cha kisu changu cha sasa kilipotelea Nzega. Mwalimu mmoja mstaafu alinisifia Opinel yake ya Ufaransa, yenye mpini wa mti na pete ya kufungia, mvua za masika zikanyesha, mti ukavimba, ikakataa kufunguka mpaka kiangazi, naye akaniambia inapumzika.

Bado ni mtu wa Victorinox, nisieleweke vibaya. Binamu naye hajatikisika, anasema kosa lilikuwa la embe. Lakini nina ombi kwa mafundi wa chuma wa Tabora, na nawaomba kwa heshima zote: pigeni muhuri. Chochote kile, mwembe, mzinga wa asali, herufi mbili za jina la baba. Pigeni kwenye kitako cha bapa, mahali ambapo mtu anaweza kumwonyesha mwenzake kwa kidole, kisha pandisheni bei mara tatu na mkatae kushuka. Kazi ya kubishana, kutukanana na kunyimana kahawa kwa ajili ya chapa yenu, sisi wa kijiweni tutaifanya bure.