Mwongozo kwa Mzee na Mama wa Ngokolo Wanaohamia Ukerewe Kueneza Injili

Kwanza hongera. Kikokotoo cha pensheni kimeshafanya yake, watoto wamehamia Dar, nyumba ya Ngokolo mjini Shinyanga ina wapangaji wanaolipa wakikumbuka, na kanisa limewawekea mikono na kuwatuma kisiwani. Wastaafu wenzenu wanafuga kuku wa mayai. Ninyi mmeona umri huu ndio wa kuanza maisha mapya katikati ya Ziwa Viktoria. Bwana awatangulie, maana kivuko nacho kina ratiba yake.

Tuanze na mizigo. Mzee atataka kubeba spika mbili, jenereta, kiti chake cha uvivu na makatoni ya masomo aliyofundisha enzi za Mwinyi. Mama atafunga gunia la michembe, karanga, kanga, sindano na uzi. Wapakizi wakianza kupunguza, zianze kushuka spika. Nitarudi kwa Mama baadaye.

Njia ni mbili: basi hadi Mwanza kisha meli ya Nansio, au mzunguke kwa Bunda hadi Kisorya mkavuke kwenda Rugezi. Mzee aliyelelewa kwenye mbuga, na aliyemvusha ng'ombe kila mto wa Usukuma, atasimama kwenye ukingo wa meli na kueleza jinsi Bwana Yesu alivyotuliza dhoruba. Aachwe aeleze. Wimbi la tatu litamalizia mahubiri.

Ila kwenye jaketi la kuokolea sina utani. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Chombo kikijaa, shukeni. Injili iliyosubiri miaka elfu mbili itasubiri hadi kesho asubuhi.

Mkishafika, mtakutana na suala la maji, na hapo ndipo Mungu anapoonyesha kwamba naye ana ucheshi. Ngokolo mmekuwa mkinywa maji ya ziwa hilihili tangu 2009, mradi wa Ihelele ulipofika Shinyanga: yamechujwa, yametiwa dawa, yamesafiri bara yote ile hadi jikoni kwenu. Sasa mmelifuata ziwa lenyewe, liko hatua ishirini kutoka mlangoni, na maji mtayabeba kwa ndoo. Chemsheni ya kunywa. Ya kuogea pelekeni bafuni, msiingie ziwani, kwa sababu kichocho cha tumbo Ukerewe ni mwenyeji wa siku nyingi kuliko kanisa lolote. Mzee atajibu kwamba alikua akiogelea malamboni na kichocho hakimjui. Kinamjua. Kilikuwa kinamsubiri astaafu. Mpelekeni zahanati akameze vidonge vyake, na asiombewe kwanza ndipo apimwe. Apimwe, ndipo aombewe.

Kuhusu ratiba, Mzee atakuwa na karatasi yenye mhuri: mkutano wa injili, Ijumaa hadi Jumapili, saa kumi jioni. Aiweke ndani ya Biblia aitumie kama alama ya ukurasa. Mwaloni watu wanafuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao hadi alfajiri; asubuhi wanawake wanaanika, mchana wanaume wamelala kama magogo. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hawaifuati taa, nyavu zinashonwa nchi kavu, na mtu ana nafasi ya kusikiliza habari za roho yake. Ukihubiri wakati wa giza utaokoa mbuzi watupu. Kama mliwahi kutumwa kwenye machimbo ya Mgusu au Nyarugusu kule Geita, mtakumbuka: duara likianza kutoa dhahabu, kanisani anabaki mchungaji na mpiga kinanda, na mpiga kinanda naye anaangalia saa.

Sadaka msizidharau kwa harufu. Siku moja mtakuta kwenye kapu kitu kikavu, cha rangi ya njano, kinachofanana na ulimi wa kiatu. Hilo ni bondo la sangara. Linanunuliwa kwa ajili ya China, na kilo yake inaipita mbali kilo ya minofu. Yupo mchungaji mgeni, simtaji, aliyemrushia paka.

Ugomvi wa watu kuhusu mitumbwi usiwahusu. Desemba 1877, Shergold Smith na O'Neill, wamisionari wa CMS, waliuawa hapohapo Ukerewe walipojikuta katikati ya mgogoro wa Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Hata mwaka hawakuumaliza kisiwani. Mzee, ukiitwa kuamua nani mwenye injini, mkono wako wa kushoto unauma, goti linauma, na Mama anakuita.

Na Mzee akome kuanza kila sentensi na "Sisi kule Shinyanga". Wakerewe, Wakara na Wajita wanaijua Shinyanga. Ndugu zao wanaoa huko. Wamewazoea wageni wa dini tangu mapadre wa White Fathers walipojenga Kagunguli, kabla babu yake Mzee hajabatizwa.

Sasa Mama. Wiki ya kwanza, Mzee akiwa bado anatafuta pa kuchomeka spika, Mama atakuwa ameketi kwenye chanja za dagaa akigeuza na wenzake. Wiki ya pili atajua nani ana mimba, nani amepigwa, boti ya nani imekamatwa na makokoro, na binti gani ameacha shule. Watoto watamwita Bibi. Watu watakuja nyumbani jioni, watamsalimia Mzee kwa heshima zote, shikamoo mchungaji, kisha watapita uani kwa aliyewaleta. Mzee akikaa kimya mwezi mzima, huduma itakua. Akiitisha kamati, itasimama.

Inabaki ripoti ya robo mwaka, ambayo makao makuu watataka iwe na idadi ya walioongoka. Msiwe na haraka nayo. Aniceti Kitereza wa Kagunguli alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na tafsiri yake ya Kiswahili ikachapwa 1980. Watu wa kisiwa hiki wanajua kungoja posta. Mama ndiye aandike, maana ndiye mwenye majina. Mzee atie sahihi, agonge mhuri, na asiulize kwa nini kwenye orodha ya watendakazi yeye ameandikwa wa pili.