Kumbukumbu la Makambako

Hapa Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, nina kijiduka cha steshenari: kopi, picha za pasipoti, kuangalia matokeo ya mitihani. Mtandao wote unapita kwenye kompyuta kuukuu niliyoigeuza ruta. Julai iliyopita foleni ya matokeo ilipojaa, mtandao ukaanza kutembea kama bibi harusi.

Nikatoa hukumu papo hapo: ramu haitoshi. Nikamuaga bibi kwamba naenda Makambako kuongeza kumbukumbu.

"La Torati?" akauliza.

Makambako ndipo reli ya TAZARA inapokutana na barabara ya kwenda Zambia, hivyo niliamini hakikosekani kitu. Muuzaji akauliza, "DDR ngapi, kaka?" Mtu mzima hapendi kuonekana mshamba. Nikajibu kwa sauti nzito, "Ile kubwa." Akanipa ramu ya DDR3. Nikalipa shilingi 25,000, nikarudi kifua mbele.

Kumbe mashine yangu ni ya DDR2. Hizi mbili ni kama mapacha: urefu uleule, pini 240 kila moja. Kwa macho zinatofautiana mahali pa pengo tu, na pengo hilo liliwekwa makusudi ili watu wa aina yangu wasifanikiwe. Nikasukuma, nikageuza, nikasukuma tena. Wapi!

Na Julai ya Njombe unaijua, baridi kavu ya kupasua midomo. Nilikuwa nimevaa sweta mbili za sufu. Kugusa kasha la chuma, tap! Cheche kidoleni. Nikaruka, chai ikamwagika. Hata hivyo cheche ile ilinihurumia: ingepitia kwenye ramu, ingeiua kimyakimya.

Nikarudisha ramu ya zamani, nikawasha. Pii! Pii! Pii! Mashine ikilia hivyo, inasema haioni ramu. Jirani yangu muuza ndizi alielewa vingine.

"Kamwene! Umeibiwa?"

"Kamwene, mama. Nimejiibia mwenyewe."

Kijana mmoja akatoka kwenye foleni. Akagusa kwanza chuma cha kasha, akachomoa ramu, akaazima ufutio, akasugua pini kama anayefuta hesabu aliyokosa, akarudisha. Mashine ikaamka. Mtandao ukabaki bibi harusi.

Akafungua orodha ya waliounganishwa: simu 31. Kwenye foleni tulikuwa na watu sita. Kijana hakusema neno, akanielekeza mlangoni kwa kidevu. Palikuwa na karatasi yenye mwandiko wangu mwenyewe: nywila ya waifai, niliyomtundikia mgeni mmoja wakati wa Pasaka, nikaisahau. Nje, ukutani, vijana wa bodaboda walikuwa wanaota jua wakitazama filamu, kila mmoja na yake.

Nikaichomoa karatasi kwenye msumari. Kwenye msumari uleule nikaitundika DDR3 yangu.

Jioni bibi akauliza, "Kumbukumbu umeipata?"

"Nimeipata, bibi. Ilikuwa mlangoni."