Kitufe cha Adabu

Tovuti nyingi siku hizi zina kitufe cha kuchagua lugha, pale juu kulia, kimekaa kwa adabu kama mgeni asiyejua kama ataandaliwa chakula. Ukibonyeza "Kiswahili", menyu inageuka: Habari, Huduma, Wasiliana Nasi. Karibu ndani! Ndani ni Kiingereza kitupu.

Msiilaumu mitambo. Django, mfumo wa kujengea tovuti uliotoka mwaka 2005, hutafuta lugha yako kwa utaratibu ambao hata karani wa mirathi angeuheshimu: kwanza kiambishi kwenye anwani, kisha kuki, kisha lugha ambazo kivinjari chako kimezitaja, na mwisho kabisa chaguo-msingi la mradi. Chaguo-msingi hilo, usipoligusa, ni Kiingereza cha Marekani. Kiswahili nacho kimo kwenye orodha ya lugha zake. Kilichobaki ni mtu wa kujaza faili la tafsiri, na penye pengo mfumo haulalamiki; unaweka maneno ya asili na kuendelea na kazi.

Mtu huyo ndiye asiyeonekana kwenye bajeti. Bendera ya kupamba kitufe imeonekana, tena baada ya kikao kizima: iwe ya Tanzania au ya Kenya? (Wakongo hawakualikwa.)

Halafu wapo waliotafsiri kila kitu. Badili lugha ukiwa katikati ya fomu, nao wanakurudisha ukurasa wa kwanza, ukajaze jina lako upya, kwa Kiswahili sanifu.