Namna ya Kupoteza Kidonge Ndani ya Fishi

Mwongozo huu ni wako, daktari kijana, stajie, muganga wa zamu, na yeyote anayeshika biki kwenye konsultasioni hapa Lubumbashi. Tuseme mama amepata kisukari kwa sababu ya vidonge, na sukari hiyo imeharibu mishipa ya fahamu ya miguu yake. Kazi yako ni kuhakikisha anaingia hospitali na kutoka bila vidonge hivyo kutajwa popote. Usihofu. Wengi wanaifanya vizuri sana bila mafunzo.

Anza kwa swali hili: "Mama, kuna dawa unakunywa?" Atajibu hapana, na hatakuwa amekudanganya. Kwake dawa ni kitu cha kuponya homa. Deksametazoni aliyouziwa moja moja, bila karatasi ya daktari, ni vidonge vya kunenepa tu, vya kujaza mashavu kabla ya ndoa ya mdogo wake. Na kile kikopo cha klobetasoli cha kung'arisha uso? Hayo ni mafuta. Usithubutu kuuliza, "Mama, unameza nini ili unenepe? Unapaka nini?" Na usimwombe kabisa afungue sakoshi. Kikopo kikishafika mezani ni vigumu kukisahau.

Kisha pima sukari, alfajiri, kabla hajaonja kitu. Prednisoloni, ndugu ya deksametazoni, ikimezwa asubuhi hupandisha sukari hasa mchana na jioni, baada ya bukari, hivyo alfajiri unaweza kupata namba nzuri ukamrudisha nyumbani Katuba kwa amani. Deksametazoni ni kaidi zaidi. Hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kukuharibia mpango hata kabla ya chai. Ukikuta miligramu 126 kwa desilita au zaidi, na siku nyingine tena hivyo hivyo, huna pa kujificha: ni kisukari. Andika "tipe 2". Ana miaka 45, amenenepa (vidonge vimefanya kazi yake!), nani atabisha? Uso uliojaa, ngozi iliyokonda mikononi, michirizi ya zambarau tumboni, vyote hivyo viingie kwenye maneno manne: "hali ya jumla: nzuri".

Miguu ndiyo hatari. Atakuambia inawaka moto usiku, inachomachoma, na siku hizi kandambili inatoka njiani bila yeye kujua. Mwambie ni rimatizimu, mwandikie vitamini. Usimvue soksi. Ukimvua utatamani kumgusa nyayo kwa uzi wa gramu 10, au kuweka chuma cha mtetemo cha hezi 128 kwenye kidole gumba, na mama akisema hasikii kitu utalazimika kufikiri. Neva huharibika kwa sukari ya miaka, si ya wiki mbili, kwa hiyo je, alikuwa nayo zamani na kidonge kimeichochea tu? Au aliwahi kutibiwa kifua kikuu kwa isoniazidi bila vitamini B6? Au ni metformini ya muda mrefu iliyommalizia B12? Maswali haya yote huacha maandishi. Kwenye nafasi ya miguu andika RAS, yaani hakuna la kutaja, herufi tatu zilizookoa vizazi vya madaktari.

Sasa kode, na hapa nakuomba uwe makini, maana vitabu vimejaa mitego. CIM-10, orodha ya kode za magonjwa ya OMS, iliyopitishwa mwaka 1990, ina nafasi kamili ya mama huyu: E13.4 yenye alama ya msalaba, kwa kisukari cha aina nyingine kilichogusa neva; G63.2 yenye nyota, kwa neva zenyewe, na Y42.0 ya kumtaja mkosaji, ukoo wa kortizoni. Kode tatu kwa mtu mmoja! Wewe tumia moja, E14.9: kisukari cha aina isiyotajwa, bila matatizo. CIM-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imezidisha udadisi kwa kukipa kisukari cha dawa kode yake yenyewe, 5A13.4. Ifungie kabatini.

Wamarekani ni wabaya zaidi. Kwao ni E09.42, halafu wanabishana ni kode ipi itangulie. Ikiwa dawa iliandikwa na daktari na ikamezwa sawasawa, ugonjwa hutangulia na T38.0X5A hufuata. Ikiwa ilitumiwa vibaya kwa bahati mbaya, hiyo ni sumu, na T38.0X1A hukaa mbele. Mama aliyejinunulia vidonge ili mashavu yajae anakaa upande gani? Mimi ningesema sumu, lakini swali hilo linaweza kumnyima mtu wa kode chakula cha mchana. Mwonee huruma. Yeye haruhusiwi kubuni: daktari asipoandika "kutokana na deksametazoni", hana la kuunganisha.

Akitokea mzee wa zamani kukukumbusha kwamba Kongo tunaijua habari hii, kwamba pentamidini tuliyowachoma wagonjwa wa malale kwa miongo iliwaharibia baadhi yao seli za insulini, mpigie makofi na ubadilishe mazungumzo. Mwambie tangu 2018 kuna vidonge vya feksinidazoli.

Wakati wa kumruhusu, usiguse habari ya kuacha vidonge. Ukimwambia aache, itabidi umwambie pia asiache ghafla, kwa sababu tezi za juu ya figo zikizoea kulala kwa miezi haziamki siku moja, na presha inaweza kuporomoka. Basi umpangie kupunguza polepole, umwone tena, uandike tena. Metformini na randevu vinatosha.

Mwisho wa mwezi, hesabu wenye sukari, peleka namba kwenye zoni ya afya, ziingizwe kwenye kompyuta umeme ukirudi. Wakija wakaguzi kuuliza mbona hospitali yako haina hata kisa kimoja cha kisukari cha dawa, wafungulie rejista, waoneshe kurasa zote, na ujibu bila kupepesa macho: kweli, hakuna.